Athari ya Ubora wa Malighafi katika Uso wa Vifaa vya Chuma Vilivyofuliwa: Mfano wa Pua Chakavu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ubora wa malighafi unavyoathiri uso wa vifaa vinavyotengenezwa kwa kufua chuma, kwa kuzingatia hasa pua chakavu, malighafi inayotegemewa na wahunzi wengi wa Tanzania na Kenya. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu kubwa ya nyufa, mabaka na mistari inayoonekana baada ya kazi haikuzaliwa juu ya fuawe, bali ilikuwamo katika malighafi na nyundo iliifunua tu. Hata hivyo, zipo kasoro zinazohitaji wazazi wawili, yaani malighafi mbovu na moto usiofaa, na hizo haziwezi kuhukumiwa kwa jicho peke yake. Makala yanaeleza alama zinazomwezesha mchunguzi kutambua asili ya kasoro, pamoja na mipaka ya majaribio yanayowezekana katika karakana ndogo.

1.0 Utangulizi

Shoka likimeguka makali, mnunuzi hurudi kwa mhunzi. Hamwendei aliyemuuzia mhunzi chuma, wala hakitafuti kiwanda kilichoyeyusha chuma hicho. Lawama hufuata mkono wa mwisho ulioishika kazi. Kibiashara jambo hilo linaeleweka, lakini kitaalamu ni hukumu inayotolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Uso wa kifaa kilichofuliwa huhifadhi kumbukumbu ya mambo mengi yaliyoitangulia nyundo: vitu vilivyochanganyika ndani ya tanuri la kuyeyushia, namna mche ulivyopitishwa kwenye rola, na hata miaka ambayo chuma kilitumika kwingine kabla ya kufika mikononi mwa mhunzi.

Suala hili lina uzito zaidi katika karakana ndogo kuliko katika viwanda vikubwa vya ufuaji. Kiwanda kinachofua vipuri vya injini hununua miche iliyokwisha kupimwa, na kwa kazi nyeti hununua miche iliyomenywa ngozi yake ya nje kwa mashine ili kuondoa nyufa za juujuu. Baada ya kufua, sehemu nyingi hukerezwa tena, hivyo ngozi iliyopita motoni huishia kuwa takataka sakafuni. Mhunzi hana hatua hizo mbili. Jembe, panga, nanga au ndoana ya kuinulia mizigo anayoitengeneza huingia kazini na ngozi ileile iliyotoka nayo motoni, isipokuwa pale inapopigwa tupa. Kwa kifaa kinachobeba mzigo unaorudiarudia, ngozi hiyo ndiyo mahali ambapo uchovu wa metali huanzia. Ufa wenye kina cha nusu milimita hauonekani kuwa jambo kubwa hadi pale ndoana inapokuwa juu ya kichwa cha mtu.

Istilahi moja yahitaji kuwekwa sawa mapema. Katika maduka ya vifaa, “chuma cha pua” siku hizi humaanisha kile kisichoshika kutu, cha masufuria na mabomba ya kung'aa. Katika makala haya neno pua linatumika kwa maana yake pana na ya zamani zaidi, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 2. Springi ya lori ni pua, nondo ni pua, na reli ni pua. Neno magamba linatumika kwa tabaka la oksidi linalojijenga juu ya chuma kikiwa motoni na kubanduka chini ya nyundo.

2.0 Mavi ya chuma na somo la Ufipa

Wazo kwamba malighafi husafishwa kwanza ndipo ifuliwe si geni katika eneo hili. Katika Ufipa, kusini magharibi mwa Tanzania, ambako Bertram Mapunda ni miongoni mwa wanaakiolojia waliochunguza kwa kina historia ya uyeyushaji, kazi ilipitia hatua mbili kabla ya kumfikia mhunzi. Madini yaliyeyushwa katika tanuri refu la udongo lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto, kisha zao lake likasafishwa katika tanuri dogo lililoitwa kintengwe. Yafaa kujiuliza kwa nini watu walikubali kujenga tanuri la pili na kuchoma makaa mengine kwa ajili ya chuma ambacho tayari walikuwa nacho.

Jibu limo katika zao la tanuri la kwanza. Chuma safi huyeyuka katika nyuzi 1,538 za sentigredi, joto lililokuwa nje ya uwezo wa tanuri za aina hiyo. Kilichopatikana hakikuwa chuma kimiminika, bali bonge lenye matundu ambamo chuma kilikuwa kimeshikamana na mavi ya chuma, mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni oksidi ya chuma na silika. Mavi hayo huyeyuka karibu na nyuzi 1,200. Bonge likipashwa joto vya kutosha na kugongwa, mavi hukamuliwa nje kama maji katika nguo. Likigongwa likiwa limepoa kidogo, hubaki ndani na kuvutwa pamoja na chuma hadi yakawa nyuzi nyembamba zinazofuata urefu wa kipande. Juu ya uso nyuzi hizo huonekana kama mistari ya kijivu, na mahali chuma kinapokunjwa kukatisha mistari hiyo, ndipo kinapopasuka. Kwa maoni yangu kintengwe inastahili kutazamwa kama hatua ya udhibiti wa ubora, iliyowekwa na watu waliojua kwamba mhunzi hawezi kuutengeneza uso mzuri kwa bonge chafu, hata awe hodari namna gani.

Pua ya viwandani ilipunguza mavi lakini haikuondoa uchafu. Baada ya Henry Bessemer kutangaza njia yake ya kutengeneza pua mwaka 1856, wengi waliojaribu kuifuata walipata chuma kilichovunjika, kwa sababu madini yao yalikuwa na fosforasi, na pua yao ilibaki na salfa na oksijeni. Salfa ndiyo inayomgusa mhunzi moja kwa moja. Ikikosa kitu cha kuishika, huungana na chuma na kufanya kiwanja kinachoyeyuka katika nyuzi 988 tu, chini kabisa ya joto la kufulia, nacho hukaa kwenye mipaka ya punje za chuma. Kipande huonekana kigumu, kumbe punje zake zimetenganishwa na utando wa kimiminika. Kikipigwa, hufumuka. Dawa iliyosaidia ilikuwa manganizi, ambayo Robert Mushet aliihimiza: huikamata salfa na kufanya chembe zinazobaki yabisi katika joto la kufulia. Fosforasi ilisubiri hadi miaka ya 1870, Sidney Gilchrist Thomas na binamu yake Percy Gilchrist walipobadilisha matofali ya ndani ya tanuri.

Kwa hiyo pua ya leo yenye manganizi ya kutosha haifumuki kwa sababu ya salfa iliyomo. Lakini chembe zenyewe bado zimo, nazo huvutika kwa kufuata mwelekeo wa rola. Mhunzi anapopanua kichwa cha msumari wa jahazi hulazimisha chembe hizo zilizolala zigeukie nje, na ukingo wa kichwa ukachanika kwa mistari inayotoka katikati kama miale. Si kwamba amepiga vibaya. Amefanya jaribio la ubora bila kukusudia.

3.0 Springi, reli, nondo na bomba

Malighafi za karakana zina historia tofauti, na kila moja huacha alama yake juu ya uso.

Springi za majani za malori hupendwa, na kwa haki. Zina kaboni kati ya asilimia 0.5 na 0.65 hivi, kiasi kinachoruhusu makali kuwa magumu baada ya kuchovywa. Tatizo ni kwamba jina moja linabeba pua za aina mbili au zaidi. Zipo zinazotegemea kromi, na zipo zinazotegemea silikoni ya asilimia 1.5 hadi 2. Kwa macho hazitofautiani. Motoni hutofautiana sana, kwa kuwa silikoni hujikusanya chini ya magamba na kuungana na oksidi ya chuma. Mchanganyiko huo huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,177, ukapenya katika uso wa chuma mithili ya mizizi, na ukipoa huyashikilia magamba yasibanduke. Nyundo ikishuka, badala ya magamba kuruka pembeni, huzamishwa ndani ya uso na kuacha vishimo. Inavutia kwamba kiwanja hiki, silika na oksidi ya chuma, ni kilekile kilichotawala mavi ya tanuri za Ufipa. Waliotangulia walihangaika kukitoa ndani ya chuma, nasi tunakiotesha upya juu yake kwa kupitisha joto. Springi ya silikoni isipoachwa ipite nyuzi 1,150, uso wake huwa na unafuu mkubwa, na kwa pua yenye kaboni ya kiasi hicho hakuna sababu ya kupita hapo.

Springi pia huja na uzee wake. Aghalabu haiachwi na mwenye lori ila imevunjika au imelegea, na iliyovunjika kwa uchovu huwa na ufa mmoja uliokamilika na mingine iliyokuwa njiani. Nyufa hizo changa, zilizo karibu na mvunjiko au kuzunguka tundu la bolti ya katikati, hujaa kutu. Moto haziponyi. Kuta zake zimefunikwa oksidi, na oksidi haishikani na oksidi. Kugonga huufunga mdomo wa ufa tu na kuuficha. Mhunzi anayekata na kutupa sehemu iliyo jirani na mvunjiko hupoteza chuma kidogo na kuokoa kazi nzima.

Reli ina matatizo ya jinsi hiyohiyo kwenye kichwa chake, ambako magurudumu husababisha nyufa ndogo za mlalo. Kuhusu reli niseme tu kwamba asili ya kipande chake ni swali la polisi kabla halijawa swali la mtaalamu wa metali.

Nondo zina kaboni kidogo, karibu asilimia 0.2 kwa nyingi, hivyo hazifai kwa makali lakini hufaa kwa ndoana, bawaba, pete na minyororo. Ubaya wake wa kwanza uko wazi kiasi kwamba husahaulika. Zile mbavu zilizotiwa kwa nje ili zishikane na zege, zikipigwa, hazirudi ndani ya mwili wa nondo. Hulala kando na kujikunja juu ya uso, zikiacha mkunjo wenye magamba chini yake. Mkunjo huo ni ufa kamili. Asiyezisaga mbavu kwa grainda kabla ya kufua amejitengenezea kasoro, na hapa malighafi haina kosa. Ilikusudiwa kazi nyingine.

Bomba lililopakwa zinki lisitiwe motoni kabisa. Zinki huchemka katika nyuzi 907, mvuke wake huleta homa kwa anayeuvuta, na kimiminika chake huweza kupenya na kupasua pua iliyo chini ya mvuto.

4.0 Shaba ndani ya pua

Kasoro zilizotajwa hadi sasa huweza kutambuliwa na jicho lililozoea. Iliyo ngumu zaidi ni ile inayosababishwa na shaba, nayo yahitaji kuelezwa kwa urefu kwa sababu inahusu mfumo mzima wa kuyeyusha chakavu.

Shaba huingia katika pua kwa njia ya mota, stata, jenereta na nyaya ambazo hazikutolewa kabla ya gari au mashine kukatwakatwa. Ikishayeyuka pamoja na chuma, haitoki. Uchafu mwingi huondolewa kwa kuunguzwa: oksijeni huungana na silikoni, fosforasi na kaboni kabla ya kukimaliza chuma. Shaba haiungani na oksijeni kwa wepesi kama chuma, kwa hiyo kila kilicho ndani ya tanuri kingeungua kabla yake. Matokeo ni kwamba pua inayoyeyushwa tena na tena kutokana na chakavu isiyochambuliwa hukusanya shaba kizazi baada ya kizazi. Nondo huvumilia hadi asilimia 0.4 hivi bila kuathirika katika kazi yake ya ujenzi, ilhali bamba la bodi la gari linalokandamizwa hutakiwa kuwa na takribani asilimia 0.06. Tofauti hiyo inaeleza kwa nini chakavu duni huishia katika nondo, na kwa nini mhunzi anayenunua nondo hupokea mwisho wa mnyororo.

Ndani ya mwili wa kipande, asilimia 0.3 ya shaba haina madhara katika ufuaji. Madhara huanzia juu ya uso. Kipande kikiwa motoni, chuma cha juu hugeuka magamba, lakini shaba haigeuki. Hubaki nyuma, kwenye mpaka wa magamba na chuma kizima, na kwa kila tabaka la chuma linaloliwa shaba yake huongezwa kwenye iliyopo. Hesabu ndogo inatosha kuonesha ukubwa wa jambo. Tuchukue pua yenye shaba asilimia 0.3, na moto uliokula nusu milimita ya chuma kwa ujumla wa mapasho yote. Nusu milimita mara 0.003, baada ya kurekebisha tofauti ya uzito wa metali hizo mbili, ni tabaka la shaba lenye unene wa mikromita 1.3 hivi. Si shaba yote itakayobaki hapo, kwa sababu nyingine huzama ndani ya chuma na nyingine hunaswa katika magamba. Lakini hata sehemu yake yatosha, kwa kuwa shaba huyeyuka katika nyuzi 1,085, na katika joto la kufulia utando huo ni kimiminika kinachotafuta njia. Njia iliyo rahisi ni mipaka ya punje.

Nyundo inapovuta uso uliolowana hivyo, hufunguka kwa nyufa fupi nyingi zilizounganika, mithili ya tope la mbuga wakati wa kiangazi. Kina chake mara nyingi ni kidogo. Mwelekeo wake haufuati urefu wa mche, na hili ni jambo la kukumbuka. Zaidi ya hapo, hutokea kwa wingi katika masafa mahususi ya joto. Chini ya nyuzi 1,085 shaba peke yake ni yabisi. Karibu na 1,100 hali huwa mbaya kuliko zote. Joto likikaribia 1,200 na kupita, shaba huzama haraka ndani ya chuma au kumezwa na magamba, na nyufa hupungua. Bati (si mabati ya kuezekea, bali metali yenyewe, inayoingia kupitia makopo) huongeza ubaya, kwa kuwa hupunguza kiasi cha shaba ambacho chuma huweza kukimeza na hushusha joto la kuyeyuka kwake. Nikeli hufanya kinyume. Ndiyo sababu zipo pua zinazotiwa shaba kwa makusudi ili zivumilie hali ya hewa, na nyingi kati yake hutiwa nikeli pia ili zipite kwenye rola bila kuchanika.

Hapa ndipo lawama zinapokuwa ngumu kugawa. Bila shaba katika malighafi hakuna ufa wa aina hii. Lakini bila magamba hakuna utando wa shaba, na magamba ni kazi ya moto. Kipande kinachowekwa mbele ya mdomo wa mivukuto, ambako hewa haijamalizwa na makaa, huunguzwa sana. Kikiwekwa juu zaidi, ndani ya makaa mengi yanayowaka kwa kina, oksijeni huwa imekwisha kuliwa na magamba huwa machache. Wahunzi wawili wanaokata nondo moja katikati wanaweza kutoa ndoana mbili, moja ikiwa na uso laini na nyingine yenye ngozi ya kenge. Mchunguzi atakayeandika “malighafi mbovu” kwa ya pili atakuwa amesema kweli nusu, na atakayeandika “moto mbovu” vilevile. Nionavyo, ripoti ya haki hutaja vyote viwili na kusema ni kipi kingeweza kuzuilika na nani.

Makaa ya miti yana faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha: hayana salfa ya kuhesabika. Mhunzi anayehamia makaa ya mawe kwa sababu za bei huingiza salfa kwenye uso wa pua safi, na manganizi iliyotosha kwa salfa ya ndani huenda isitoshe kwa ile inayotoka nje.

5.0 Kusoma umri wa ufa

Swali la mchunguzi huwa ni hili: ufa huu ulikuwapo kabla ya moto, au ulizaliwa wakati wa kufua? Alama zinazosaidia kujibu ziko za namna kadhaa, na hakuna hata moja inayotosha ikiwa peke yake.

Ya kwanza haihitaji hadubini. Vikusanywe vifaa kadhaa vilivyotoka katika mkono uleule na kalibu ileile, kisha itazamwe kasoro iko wapi. Ikiwa iko mahali pamoja katika kila kifaa, kwa mfano kwenye kona ya ndani ya shingo, chanzo ni umbo la kalibu au namna ya kupiga. Ikiwa inahamahama, lakini katika vifaa vilivyokatwa kwenye mche mmoja inaonekana na katika vya mche mwingine haionekani, chanzo ni malighafi. Ni kipimo rahisi mno, nacho hupotea kila mara vifaa vibovu vinapotupwa kimoja kimoja bila kuwekwa kando.

Alama ya pili ni mwelekeo. Ufa uliotokana na mche, kwa mfano tundu la hewa lililovutwa na rola, hufuata urefu wa mche hata pale mche ulipopindwa, hupinda nao. Mkunjo wa kufua hufuata umbo la pigo na huingia kwa mshazari, ukionesha ulimi wa chuma uliolalia mwingine. Ufa wa shaba haujali urefu wala umbo.

Ya tatu ni hali ya kuta za ufa, nayo ndiyo inayoaminiwa zaidi na maabara. Kipande hukatwa kukatisha ufa, husuguliwa kwa msasa laini hadi king'ae kama kioo, kisha hupakwa tindikali ya nitriki ya asilimia 2 iliyochanganywa na spiriti. Chini ya hadubini pua yenye kaboni huonekana nyeusi-kijivu, na mahali kaboni ilipopotea huonekana peupe. Uso wa nje uliokaa motoni daima huwa na utepe mweupe. Ufa uliokuwapo tangu mwanzo nao ulikaa motoni muda uleule, kwa hiyo kuta zake huwa na utepe wa namna hiyo pamoja na oksidi ndani yake. Ufa uliozaliwa mwishoni, au wakati wa kuchovya katika maji, huwa na kuta nyeusi hadi ukingoni.

Maelezo haya huandikwa katika vitabu kwa kufikiria kiwanda kinachopasha kipande mara moja na kukimaliza kwa mapigo machache. Mhunzi hufanya kazi kwa mapasho mengi. Mkunjo uliozaliwa katika pasho la pili na kurudishwa motoni mara nane utakuwa na utepe mweupe na oksidi sawasawa na ufa wa zamani. Kwa hiyo kuwapo kwa utepe hakuthibitishi kwamba malighafi ndiyo yenye kosa. Kinachoweza kulinganishwa ni unene: ukiwa mwembamba sana kuliko ule wa uso wa nje, ufa ni mdogo kwa umri kuliko uso. Hata ulinganisho huo una mashaka, kwa sababu ndani ya ufa mwembamba hewa hupita kwa shida na kaboni hupotea polepole zaidi. Watahini watakubali, natumaini, kwamba katika kazi ya mkono kutokuwapo kwa utepe kunasema mengi kuliko kuwapo kwake. Kuta nyeusi humwondolea muuzaji wa chuma lawama ya ufa huo. Kuta nyeupe hazimhukumu.

Kwa ufa wa shaba ushahidi ni wa wazi zaidi. Shaba yenyewe huonekana chini ya hadubini kabla ya kupaka tindikali, ikiwa vijistari vya rangi ya waridi kwenye mipaka ya punje na chini ya magamba.

6.0 Kinachoweza kupimwa karakanani

Jaribio linalojulikana zaidi ni la cheche. Pua yenye kaboni nyingi ikiguswa na jiwe la grainda hutoa cheche zinazopasuka kwa matawi mengi karibu na jiwe. Yenye kaboni kidogo hutoa mistari mirefu yenye matawi machache. Kwa mazoezi mhunzi hutenganisha springi na nondo kwa sekunde chache. Lakini cheche hazioneshi shaba, hazioneshi ufa, na anayezitegemea kuhukumu ubora wa uso ameuliza swali lisilo lake. Sumaku nayo huzitenga nyaya za shaba zilizo huru katika rundo, haiioni shaba iliyokwisha yeyushwa. Kuijua kwa hakika kunahitaji spektromita, chombo kisichopatikana katika karakana ndogo.

Jaribio lenye manufaa zaidi kwa gharama ndogo ni kukandamiza kipande kikiwa moto. Hukatwa kipande chenye urefu mara mbili ya kipenyo chake, hupashwa, husimamishwa juu ya fuawe na kugongwa kichwani hadi kibakiwe na theluthi moja ya urefu. Ubavu wake huvimba kama pipa, na uso hulazimika kutanuka kuliko utakavyotanuka katika kazi nyingi za kawaida. Nyufa za rola hufunguka zikiwa zimesimama wima, kila moja mahali ilipokuwa imelala. Ili shaba nayo ijitokeze, kipande kiachwe kwanza katika moto wenye hewa nyingi karibu na nyuzi 1,100, rangi ya chungwa inayoelekea njano, hadi magamba yajijenge, ndipo kipigwe bila kuongezwa joto. Yaani mhunzi akitengeneze kwa makusudi kile atakachokiepuka katika kazi yenyewe.

Katika kiwanda kinachonunua miche kutoka tanuri moja, vipande vichache vilivyojaribiwa husema neno juu ya shehena nzima, kwa kuwa miche yote ilimiminwa pamoja. Rundo la chakavu halina sifa hiyo. Majani mawili ya springi yaliyolala pamoja huenda yalitoka katika nchi mbili na miongo miwili tofauti, na nondo kumi zilizofungwa pamoja dukani si lazima ziwe za tanuri moja. Matokeo ya kipande kilichojaribiwa yanahusu mche uliokikata, basi. Kwa sababu hiyo mche uliofaulu yafaa upigwe alama ya patasi kwenye ncha zote mbili, si moja, kwa kuwa ncha moja ndiyo itakayoanza kukatwa, na alama ikiondoka mche hurudi kuwa chuma kisichojulikana.